Jinsi SSH inavyoongeza mapya bila kuzitupa seva kuukuu

SSH ni njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, yaani seva, kupitia mtandao. Andika ssh -v kisha jina la seva yako, utazame. Kabla hata ya kuombwa nywila, kila upande unajitambulisha kwa mstari mmoja, mfano SSH-2.0-OpenSSH_9.6: 2.0 ni toleo la lugha ya SSH, OpenSSH ni programu inayoiongea. Zamani kulikuwa na seva zilizojiita 1.99. Toleo hilo halikuwahi kuwepo, ilikuwa namna ya kusema "naongea 2, ila hata 1 naijua."

Baada ya salamu kila upande unamwaga orodha zake za majina: njia za kubadilishana funguo, njia za kusimba, na kadhalika. Kwenye kusimba, linachukuliwa jina la kwanza katika orodha ya kompyuta yako ambalo seva nayo inalo. Jina geni linarukwa tu, bila ugomvi. OpenSSH 9.0 ya mwaka 2022 ilipotanguliza sntrup761x25519-sha512@openssh.com, kinga dhidi ya kompyuta za kwanta, seva kuukuu hazikustuka. Hiyo @ si barua pepe, jamani. Ni ruhusa ya mwenye domeni kubuni jina lake bila kusubiri kamati wala kugongana na la mwenzake.

Ujanja ninaoupenda zaidi ni wa Desemba 2023. Shambulio la Terrapin lilionyesha kwamba, kwa baadhi ya njia za kusimba, aliyejipenyeza katikati anaweza kunyofoa ujumbe wa mwanzoni na pande zote mbili zisijue. Dawa mojawapo ni kurudisha namba za ujumbe kwenye sifuri funguo mpya zinapoanza kutumika, lakini upande mmoja ukifanya hivyo peke yake, muunganisho unakufa. Basi watu wa OpenSSH wakachomeka jina kwenye orodha ya njia za kubadilishana funguo: kex-strict-c-v00@openssh.com. Si algorithimu hata kidogo, ni kukonyezana. Seva nayo ikikonyeza, kanuni mpya zinaanza. Ikikaa kimya, mambo yanaendelea kama jana, na udhaifu wake.

Kuondoa ndiko kwenye kilio. Tangu OpenSSH 7.0 ya 2015, diffie-hellman-group1-sha1, njia kuukuu na dhaifu ya kubadilishana funguo, imezimwa, na kuna ruta moja ya zamani niliyoihudumia ambayo haikujua nyingine. Ikanigomea saa tano usiku. Nilichofanya ni kuandika, kwenye faili la mipangilio ~/.ssh/config, chini ya Host (sehemu) ya ruta hiyo tu:

KexAlgorithms +diffie-hellman-group1-sha1

Wapo wanaoiweka chini ya Host *, yaani kwa seva zote, nami siwaelewi. Na usisahau hiyo +. Bila yake orodha nzima inafutika, linabaki jina hilo moja bovu.