Kwa nini mbegu ya mwarobaini hulowekwa na haichemshwi

Wakulima wengi wa bustani ninaokutana nao Mtwara na Lindi huandaa dawa ya mwarobaini kama wanavyoandaa maji ya kumwogeshea mwenye homa: majani hujazwa sufuriani, huchemshwa mpaka maji yawe machungu, kisha hupoozwa na kunyunyiziwa mchicha au bamia. Uchungu huo ndio unaowapa imani, ilhali hauthibitishi lolote, kwa kuwa mti huu una viambata vichungu vingi, na kile kinachomkomesha kiwavi huenda hakimo kabisa katika sufuria hiyo.

Kiambata chenyewe ni azadiraktini, ambacho hupatikana zaidi katika kiini cha mbegu kuliko kwenye majani. Kilitenganishwa mara ya kwanza na wanakemia Butterworth na Morgan nchini Uingereza, waliotangaza matokeo yao mwaka 1968 baada ya kutumia nzige wa jangwani kama kipimo: sehemu ya dawa ambayo nzige walikataa kuila ndiyo waliyoendelea kuisafisha. Molekuli yake ina atomi 35 za kaboni, 44 za haidrojeni na 16 za oksijeni, na imefungamana kwa namna tata kiasi kwamba kundi la mwanakemia Steven Ley wa Chuo Kikuu cha Cambridge lilifanikiwa kuiunda maabara mwaka 2007 tu, baada ya kuihangaikia kwa miaka 22. Molekuli ya namna hiyo huvunjika kwa urahisi. Moto huiharibu, jua huiharibu, na magadi pia. Majivu nayo yana asili ya magadi, ndiyo maana siwashauri wakulima kuyachanganya katika dawa hii, ingawa najua desturi hiyo ina wafuasi wengi.

Kazi kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye mbegu kabla hata maji hayajaiguza. Matunda yaokotwe yakiwa yameiva na kuwa ya manjano, nyama yake iondolewe mapema kabla haijaoza, mbegu zioshwe na kuanikwa juu ya jamvi kivulini, mahali penye upepo. Anayeanika juani kwa haraka hupoteza kiambata, na anayehifadhi mbegu mbichi ndani ya mfuko wa plastiki hukaribisha ukungu, ambao unaweza kuzalisha sumukuvu, balaa ambalo wakulima wa karanga wanalifahamu vizuri. Joto la unyevunyevu la pwani yetu halisamehe uzembe huo, kwa hiyo kikapu au gunia linalopitisha hewa ni bora zaidi.

Mbegu zikishakauka, humenywa, viini vikatwangwa kwenye kinu, na gramu 50 za unga huo zikalowekwa katika lita moja ya maji ya kawaida usiku kucha. Asubuhi maji huchujwa kwa kitambaa na kuwekwa kivulini hadi jioni, jua likishapoa, ndipo hunyunyiziwa, tena siku hiyohiyo. Mkulima asitarajie wadudu waanguke papo hapo. Azadiraktini huwapotezea hamu ya kula na kuvuruga homoni za kujivua gamba, hivyo viwavi wadogo hushindwa kukua.

Maabara nako kanuni ni ileile, ila viyeyushi hubadilika. Kwanza unga wa viini huondolewa mafuta kwa heksani, ambayo huacha azadiraktini ndani ya mashudu. Mashudu hayo hulowekwa katika methanoli au ethanoli, na kiyeyushi huvukizwa kwa kupunguza shinikizo la hewa, ili kichemke katika joto dogo lisiloweza kuharibu kiambata. Kinachobaki hutenganishwa kwa kromatografia, yaani njia ya kupitisha mchanganyiko kwenye kichujio maalumu ili kila kiambata kitoke peke yake.

Mafuta yaliyotolewa mwanzo yana matumizi yake, lakini mtoto mchanga asinyweshwe hata tone. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wadogo waliodhurika vibaya ubongo na ini baada ya kupewa mafuta hayo kama tiba ya nyumbani.

Kwa wenye mikorosho, ambao huniuliza kila msimu: ubwiriunga, ule ugonjwa unaofunika majani na maua kwa unga mweupe, ni kuvu, hauli majani wala haujivui gamba, kwa hiyo maji ya mbegu za mwarobaini hayachukui nafasi ya salfa.