Baiolojia mtandaoni: tatizo litangulie somo

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kutoka kijiji kilicho kando ya Ziwa Victoria, analetwa zahanati. Vidole vya mikono na miguu vimevimba, analia akiguswa, viganja vimepauka. Malaria amepimwa, hana. Baba na mama ni wazima. Mwanafunzi wa sekondari akifungua somo letu la urithi anakutana na maelezo hayo tu, kisha maswali matatu: unajua nini tayari, unahisi nini, unahitaji kujua nini zaidi?

Ufundishaji wa namna hii ulianzia kwenye mafunzo ya udaktari, Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, mwaka 1969. Tumezoea kufundisha kanuni halafu kutoa zoezi. Hapa tatizo linatangulia, na kanuni inatafutwa kwa kuwa imehitajika.

Masomo mengi ya mtandaoni ni notisi za mwalimu zilizochapwa na kupandishwa kwenye tovuti, pengine zikaongezewa video. Hiyo ni kazi bure. Mtandao una faida ambayo kitabu hakina: unaweza kuficha. Matokeo ya kipimo hayafunguki mpaka kikundi kiandike kinataka kipimo gani na kwa nini. Wakiomba damu ionekane chini ya hadubini, wanaona chembe nyekundu zilizopinda kama mundu: ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wakiomba kipimo cha himoglobini cha wazazi, wanakuta wote wawili ni AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha selimundu na kimoja cha kawaida. Sasa jedwali la Punnett, linaloonyesha vinasaba vya wazazi vinavyoweza kukutana kwa mtoto, limepata kazi: uwezekano wa robo kwa kila mimba kwamba mtoto ataugua. Wengi wataandika kwamba katika watoto wanne lazima mmoja augue, kwa hiyo somo liwe na swali la kuwanasa hapo.

Hatua inayofuata ndiyo tamu zaidi. Tunawapa alichokikuta mtafiti Anthony Allison nchini Kenya mwaka 1949: wabebaji wa kinasaba cha selimundu walizidi asilimia 20 Pwani na kandokando ya ziwa, lakini nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Kwa nini? Wakilinganisha na ramani ya malaria, ubishi unaanza. Kinasaba kinachomtesa aliyekirithi kwa baba na kwa mama kinamkinga na malaria kali aliyekirithi upande mmoja tu. Allison alichapisha ushahidi wa hilo mwaka 1954. Waacheni wabishane kwa Kiswahili, hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Istilahi watazipata wakishaelewa.

Kuhusu mitambo, kurasa ziwe nyepesi na zifanye kazi bila intaneti. Programu ya bure ya Kolibri huhifadhi masomo kwenye kompyuta moja ya shule, nyingine zikayasoma kutoka hapo bila bando. Wanafunzi watano kwa kompyuta moja si shida. Afadhali hivyo kuliko kila mmoja kujifungia na yake.

Mwalimu naye awe na ukurasa wake, wenye maswali ya kuwasukuma pale wanapokwama. Ukurasa huo ubebe na onyo. Katika madarasa yetu wamo wenye selimundu, na wamo ndugu zao. Mwanafunzi asiombwe kutaja vipimo vya nyumbani kwao wala kuchora ukoo wake. Zoezi la aina hiyo linaweza kumwaibisha, au likafichua jambo la uzazi ambalo wazazi hawajawahi kulisema. Familia iliyomo kwenye somo ni ya kubuni, na ukurasa wa kwanza uandike hivyo waziwazi.