Anayechezesha kikaragosi ndiye mwenye sauti

Hapa Dodoma, watoto wakitulia mbele ya runinga, utasikia mkubwa akisema: "Huyo anayechezesha kikaragosi anainua mkono tu, sauti imewekwa na mwingine." Sivyo. Katika vipindi kama Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani, kwa kawaida anayechezesha kikaragosi ndiye anayezungumza, papo hapo kamera zikirekodi, na nyimbo huimba yeye.

Mtazame Caroll Spinney wa Marekani, aliyeanza kuwa Big Bird, ndege mkubwa wa kipindi hicho, mwaka 1969. Ndani ya vazi la ndege lenye kimo cha karibu mita 2.5, mkono wake wa kulia ulikaa juu ya kichwa chake, ukifungua na kufunga mdomo wa ndege. Wa kushoto uliingia kwenye bawa la kushoto. Bawa la kulia lilivutwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Nje hakuona, alifuata kiruninga kilichofungwa kifuani. Na alizungumza hivyo hivyo! Jaribu kusoma gazeti kwa sauti ya mtoto huku mkono ukiwa juu dakika tano.

Mwaka 2015 afya ilimzuia kuvaa vazi hilo, akabaki na sauti hadi 2018.

Sauti ya mwingine hutumika zaidi kipindi kinapotiwa lugha nyingine, na nadhani dhana hii imeanzia hapo. Hata hiyo si kazi nyepesi: kila neno la Kiswahili lazima liangukie mdomo unapofunguka.