Uhuru wa kujieleza nje ya saa za kazi: unakulinda dhidi ya nani?

Watu wengi huamini kwamba Katiba ikishakupa uhuru wa kujieleza, hakuna wa kukufukuza kazi kwa maoni ya siasa uliyoyatoa jioni, nyumbani kwako, kwa simu yako mwenyewe. Marekani, nchi inayojivunia sana haki hiyo, imani hii imewaponza wengi.

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanaifunga mikono serikali. Hayamgusi mwenye benki, kiwanda wala duka. Tena karibu majimbo yote yanamruhusu mwajiri binafsi kumwachisha mtu kazi wakati wowote bila kueleza sababu, mradi asivunje sheria mahususi, kama ile inayokataza ubaguzi wa rangi au dini. Oktoba 2017, Juli Briskman, akiwa kwenye baiskeli huko Virginia, aliuonyesha msafara wa Rais Trump kidole cha kati. Hakuwa kazini, na picha iliyosambaa ilipigwa kwa nyuma. Alipoiweka kwenye kurasa zake za mtandaoni, kampuni yake, iliyokuwa na mikataba ya serikali, ikamtaka aondoke. Alidai mahakamani kwamba ameadhibiwa kwa sababu kampuni iliihofia serikali. Jaji akaikataa hoja hiyo. Mwaka 2019 wapiga kura wa Kaunti ya Loudoun walimchagua kuingia katika baraza lao.

Mtumishi wa umma ana hali nyingine, kwa kuwa mwajiri wake ndiyo serikali yenyewe. Hapa kesi mama ni ya Marvin Pickering, mwalimu wa Illinois aliyeandika barua gazetini kulalamikia jinsi bodi ya shule ilivyogawa fedha kati ya michezo na masomo. Bodi ikamfukuza. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi, ingawa baadhi ya maelezo yake yalikuwa na makosa, kwa kuwa haikuthibitika kwamba alidanganya kwa makusudi au kwa kutojali ukweli. Tangu hapo majaji hupima mambo mawili: haki ya mtumishi kusema kama raia juu ya jambo linalowahusu wananchi, na haja ya ofisi kufanya kazi zake bila kuvurugika. Mwaka 2006 mahakama hiyo iliongeza kwamba maneno anayoyasema mtumishi katika kutekeleza majukumu yake hayana kinga hiyo kabisa.

Majimbo machache yameziba pengo la sekta binafsi kwa sheria zao. California inamkataza mwajiri kuamrisha siasa za wafanyakazi wake. New York inalinda kugombea, kupiga kampeni na kuchangisha fedha nje ya saa za kazi, lakini kutoa maoni tu hakumo kwenye orodha. Kwa hiyo anayepita nyumba kwa nyumba kumwombea mgombea kura ana kinga ya wazi kuliko aliyeandika sentensi moja mtandaoni. Naona hapo sheria imemwacha nje yule anayehitaji ulinzi zaidi, raia wa kawaida asiye na chama.

Huku kwetu msingi ni tofauti, na kwa maoni yangu ni bora. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 20, inasema Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayotaja haki za msingi, inawafunga watu wote, siyo dola peke yake. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inahesabu maoni ya kisiasa miongoni mwa sababu zisizo halali za kumwachisha mtu kazi. Uchochezi na matamshi ya chuki havina kinga. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa maoni ya kisiasa na inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki.

Tatizo ni kwamba mwajiri haandiki “siasa” kwenye barua. Huandika “kuchafua jina la kampuni”. Ndiyo maana barua hiyo na nakala ya ulichokiandika ni vya kutunza, na kwa Tanzania mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.