Walezi wa njia ya pwani: ni akina nani, na wanalea nini?

Ukiitazama ramani ya Uingereza, pembe ya kusini-magharibi huchomoza baharini kama mguu. Kandokando ya mguu huo, kuanzia mji mdogo wa Minehead, Somerset, hadi South Haven Point kwenye mlango wa bandari ya Poole, Dorset, kuna njia ya miguu yenye urefu wa kilomita 1,014. Inaitwa South West Coast Path. Wengi wanaoisifu husifu bahari na magenge ya miamba. Wachache huuliza nani anaifyeka.

Walezi wa njia ni jina la jumla la vyombo na vikundi vinavyohakikisha kwamba njia ndefu ya miguu inapitika, inajulikana, na haipokonywi watembeaji. Nasema walezi, sisemi wamiliki, kwa sababu njia ya namna hii haina mwenyewe mmoja. Ardhi inayopitiwa ni ya wakulima, ya halmashauri, ya taasisi za hifadhi, ya watu binafsi wenye nyumba zao juu ya bahari, hata ya jeshi: pale Lulworth, Dorset, njia hupita ndani ya uwanja wa mazoezi na hufungwa wanajeshi wanapofyatua silaha. Alicho nacho mtembeaji ni haki ya kupita tu. Haki hiyo ina nguvu ya sheria, lakini haki haikati miba wala haizibui mtaro.

Kwa hiyo kazi imegawanywa. Juu kabisa ipo serikali. Sheria ya mwaka 1949 ya hifadhi za taifa na kuingia mashambani ndiyo iliyofungua mlango wa kutangaza njia ndefu za taifa, zile unazozitambua kwa alama ya tunda la mwaloni kwenye nguzo. Siku hizi usimamizi wa jumla wa njia hizo uko kwa Natural England, chombo cha serikali kilichoundwa mwaka 2006, ambacho huweka viwango na kutoa sehemu ya fedha. Chini yake zipo halmashauri za maeneo na mamlaka za hifadhi kama ile ya Exmoor. Hizo ndizo zenye mafundi wa kufyeka, kutengeneza ngazi na kujenga vidaraja.

Mwenye shamba naye ana wajibu wake. Sheria ya barabara ya mwaka 1980 inamtaka atunze malango na vipandio vya kuvukia ua vilivyo katika ardhi yake, na halmashauri imrudishie angalau robo ya gharama anazostahili kutumia. Halafu kuna mmiliki wa aina yake, National Trust, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1895. Tangu mwaka 1965 limekuwa likichangisha fedha mahususi kununua ardhi ya pwani isije ikajengwa, na sehemu kubwa ya njia hii inapita katika ardhi yake. Hapo mwenye ardhi na mlezi ni mtu mmoja, na mara nyingi mambo huwa mepesi zaidi.

Kama kila mtu ana sehemu yake, chama cha kuunga mkono njia kinahitajika kwa nini? Nadhani hapa ndipo dhana yenyewe ilipo. Halmashauri huona kipande chake, mkulima huona ua wake. Mtembeaji haoni mipaka hiyo. Kwake njia ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Chama ndicho kinachoitazama njia kwa macho yake.

South West Coast Path Association ilianzishwa mwaka 1973, na mwanzoni kazi yake ilikuwa kusumbua wakubwa. Njia ilikuwa haijakamilika: sehemu ya Cornwall ilifunguliwa mwaka huohuo, za kusini mwa Devon na Dorset mwaka 1974, na ya mwisho, ya Somerset na kaskazini mwa Devon, mwaka 1978. Hata ilipokamilika, kuna mahali ilipowatupa watembeaji kwenye barabara za magari, mbali na bahari. Wanachama waliandika barua, wakadai, wakarudia kudai, mpaka vipande vingi vikasogezwa karibu na maji. Baadaye yakaongezeka mengine: kuchangisha fedha kwa matengenezo ambayo bajeti ya halmashauri haiyafikii, kutoa taarifa za sehemu zilizofungwa, na kuwa na watu wa kujitolea ambao kila mmoja hutembea kipande alichokabidhiwa na kuripoti nguzo iliyooza au kichaka kilichofunga njia.

Taarifa hizo si jambo dogo. Mito kadhaa hukata njia, na mingi huvukwa kwa mashua ambazo baadhi hazifanyi kazi majira ya baridi. Mto Erme, kusini mwa Devon, hauna mashua kabisa. Mtu husubiri maji yakupwe, akavua viatu na kuvuka kwa miguu. Asiyejua saa ya maji kupwa atalazimika kuzunguka mbali sana kwa nchi kavu.

Mlezi wa njia ya pwani ana adui ambaye mlezi wa njia ya mlimani hamjui kwa kiwango hiki, naye ni bahari yenyewe. Asili ya njia hii imezidisha tatizo. Ilikanyagwa na walinzi wa pwani waliokuwa wakiwavizia wasafirishaji wa magendo, na mlinzi alilazimika kuchungulia kila ghuba na kila kipango. Ndiyo maana inakumbatia ukingo, inashuka hadi ufukoni na kupanda tena, mara kwa mara, mpaka miguu ikalalamika. Uzuri wake wote umetoka hapo, na hatari yake pia. Kati ya Lyme Regis na Charmouth, ambako miamba ni laini, mvua ikijaa ndani ya udongo wa mfinyanzi kipande kizima cha jabali huteleza. Dhoruba za majira ya baridi ya 2013 na 2014 zilivunja hata reli inayopita kando ya bahari pale Dawlish, Devon, na njia ya miguu iliharibika sehemu nyingi.

Zamani, genge likianguka, haki ya kupita ilianguka nalo. Ardhi imekwenda, haki imekwenda, na kuipata nyingine kwa jirani wa nyuma kulihitaji mazungumzo yanayoweza kuchukua miaka, huku watembeaji wakizungushwa barabarani. Sheria ya bahari na pwani ya mwaka 2009 iliruhusu utaratibu mwingine: pale ulipoidhinishwa, ukingo ukirudi nyuma, njia nayo inaweza kurudi nyuma pamoja nao. Kwa maoni yangu hakuna kifungu kilichowapa walezi wa pwani nguvu kuliko hicho. Lakini bado lazima mtu aende kupima, aongee na mwenye shamba, ahamishe ua na kuchimba ngazi mpya. Na kazi kubwa kuliko zote ni ile isiyoonekana, ya mifereji. Maji ya mvua yakielekezwa pembeni mapema, njia hudumu; yakiachwa yatiririke katikati, msimu mmoja unatosha kuigeuza korongo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nchi nyingine zina mpango wao. Ufaransa ina sheria ya mwaka 1976 inayotenga ukanda wa mita tatu kwa wapita njia katika ardhi binafsi iliyo kando ya bahari, na kwenye GR34 huko Brittany, njia ya zamani ya maofisa wa forodha, alama nyekundu na nyeupe hupakwa na watu wa kujitolea wa shirikisho la watembeaji. Japani, baada ya tsunami ya 2011, wizara ya mazingira iliunganisha vijiji vya pwani ya kaskazini-mashariki kwa Michinoku Coastal Trail, iliyokamilika mwaka 2019 ikiwa na zaidi ya kilomita 1,000. Huko shirika lisilo la kiserikali lina kituo chake Natori, nalo huwaunganisha wasafiri, wakazi na serikali za miji.

Ukiwa mtembeaji na ukakuta lango limevunjika au ukingo umepasuka, usidhani mwenzako ameshasema. Piga picha, andika mahali penyewe kwa usahihi, kisha upeleke taarifa kwa halmashauri ya eneo hilo au kwa chama cha njia. Ukiwa hujui kipande hicho kiko chini ya nani, peleka kwa chama; wao wanajua mlango wa kugonga.