"Inchi 28" ni jina, si kipimo

Wiki iliyopita hapa Mtwara mjini kijana mmoja mwenye baiskeli ya resi ya zamani alimwambia fundi, "Kaka, nitafutie ringi ya nyuma, inchi 28." Akapewa inchi 28 kweli: ringi ya Phoenix, ile baiskeli nyeusi inayobeba magunia ya korosho msimu ukifika. Jioni akaja kwangu amechoka, vidole vimechubuka. Tairi lake lilikataa kabisa kuvaa ringi ile. Nikamuuliza hiyo 28 aliitoa wapi, akanionyesha ubavuni mwa tairi: 700 x 28C.

Ile 28 ni unene wa tairi kwa milimita. Haihusiani na inchi hata kidogo.

Nimeshalisikia kosa hili mara nyingi, na kila mara kuna mtu anapoteza fedha, kwa hiyo niliandike. Saizi ya gurudumu ni kipenyo cha ringi pale waya wa tairi, ule ulio ndani ya ukingo wake, unapokaa, kwa milimita. Basi. Ringi ambazo mwenye resi ya zamani atakutana nazo ni tatu: 622, inayoitwa 700C, 630, inayoitwa inchi 27, na 635, ile ya Phoenix, inayoitwa inchi 28 au 28 x 1½. Namba hiyo ya tarakimu tatu huwa imeandikwa kwenye tairi kwa herufi ndogo, baada ya kistari. 28-622 maana yake unene 28, kipenyo 622. Kama maandishi yamefutika, uliza kabla ya kulipa.

Sasa kwa nini tunasema inchi? Neno lenyewe tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa kwenye Kilatini, *uncia*, yaani sehemu moja ya kumi na mbili. Inchi ni futi iliyogawanywa kwa 12. Aunsi nayo imetoka kwenye neno hilohilo, kwa hiyo inchi na aunsi ni ndugu wa tumbo moja. Inchi ya fundi cherehani ni milimita 25.4, leo na kesho. Chukua utepe wake upime ringi ya Phoenix pale waya unapokaa: utapata inchi 25. Kamili! Hakuna 28 popote kwenye chuma kile. Ongeza tairi la unene wa inchi 1½ juu na 1½ chini, hapo ndipo 28 inatokea. Waliobuni jina hilo walipima gurudumu zima likiwa limevaa tairi na kujaa upepo, na kwa tairi lile walikuwa sahihi.

Wafaransa walifanya vilevile kwa milimita. 700 ilikuwa kimo cha gurudumu lililovaa tairi, na herufi A, B, C, D zikaonyesha tairi ni jembamba au nene. C lilikuwa nene, karibu milimita 39: 622, ukiongeza 39 mara mbili, unapata 700. Baadaye watu wa mashindano wakaibakiza ringi na kupunguza tairi. Leo ukiivika tairi la 25, gurudumu zima lina milimita 672, na bado tunaliita 700. Wajerumani na Waholanzi nao wanaiita ringi hiyohiyo ya 622 inchi 28. Kwa hiyo kuna 28 mbili zinazopishana milimita 13, na tairi la moja halivai nyingine.

Linaloniudhi zaidi ni hili: "Nipe 27, ni ndogo kuliko 28, itaingia tu." Inchi 27 ni 630. Kubwa kuliko 622! Atakayefuata majina ataamini kinyume cha kilicho mkononi mwake. Na hapa hasara si ya fedha peke yake. Tairi la 630 linavaa ringi ya 622 kirahisi, kwa vidole tu, na mtu anafurahi. Ukilijaza upepo, waya hauna pa kushika. Tairi linaruka nje ya ringi, tyubu inapasuka. Fikiria litokee kwenye mteremko wa Newala.

Resi nyingi za zamani, hasa zilizotoka Uingereza miaka ya 1970, zilikuja na 27 x 1¼. Kama yako ni hiyo na ringi bado nzima, usikimbilie kuzing'oa. Baiskeli za mtumba za Kijapani, zile zenye kikapu mbele, nyingine zina tairi la 27 x 1⅜, na hilo nalo ni 630. Linavaa, mradi fremu ina nafasi ya unene wake na usilijaze kama tairi la resi. Ukiamua kuhamia 622, ringi inashuka milimita 4 kutoka kwenye breki. Tazama kama raba za breki zina nafasi ya kushuka kiasi hicho. Mara nyingi zinayo. Ringi ya Phoenix usiifikirie. Ubavu wake ni wa mviringo, umetengenezwa kwa breki za fimbo zinazovuta kutoka upande wa spoki, na breki zako za kubana hazitapata pa kushika.

Nyuma pima pia nafasi ya habu, kile kitovu cha gurudumu, kati ya masikio ya fremu yanayoshika ekseli: milimita 120, 126 au 130. Fremu ya chuma fundi makini anaweza kuipanua kidogo, ya aluminiamu usiiguse. Na kwa sisi wa pwani, chagua ringi ya aluminiamu. Chuma chenye kromu kikilowa mvua za masika breki zinateleza, na chumvi ya bahari haikiachi salama.

Kijana wangu tulirudi naye dukani asubuhi, na fundi, muungwana, akakubali kubadilisha. Kwa hiyo mdogo wangu, na wengine mnaotafuta ringi, 28 iacheni. Semeni: "Kaka, naomba ringi ya 622, ya aluminiamu, matundu 36," kama habu yako ina matundu 36 ya spoki, hesabu kwanza. Akiuliza ni inchi ngapi, mgeuzie tairi ulilokwenda nalo, umwekee kidole kwenye kile kistari.