Lisbon: anzia kwenye dhahabu ya Kilwa

Kila nikisikia mtu wa pwani yetu anakwenda Lisbon, humwomba jambo moja: siku ya kwanza asikimbilie Mnara wa Belém, ngome ya kale kando ya mto. Aende kwanza Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes, aulize monstransi ya Belém iko chumba gani. Asiende Jumatatu, hufungwa.

Monstransi ni chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi wakati wa kuabudu. Hii ni ya dhahabu, kimo chake hakifiki mita moja. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa Ekaristi, wadogo mno, wamepakwa rangi za kuchomwa motoni, na bado kila mmoja ana sura yake. Chini yao kuna matufe sita ya wanajimu, nembo ya Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno. Sonara aliyeitengeneza ni Gil Vicente. Wageni wengi hupiga picha wakaondoka. Wewe inama, usome maandishi yanayozunguka kitako. Yanasema mfalme aliamuru ifuliwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, ikakamilika 1506.

Quiloa ni Kilwa.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, na habari hii nilikuwa nimeshaisoma vitabuni. Hata hivyo nilipoliona lile neno kwenye dhahabu yenyewe, kifua kilibana. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu za vita, akatishia kuuteketeza mji iwapo Amiri Ibrahim, mtawala wake, hatakubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Amiri alitoa mithqali 1,500 za dhahabu, uzito unaozidi kilo sita. Dhahabu hiyo asili yake ilikuwa bara, nyuma ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, na Kilwa ilitajirika kwa kuisimamia biashara yake. Miaka mitatu baadaye, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja akauteka mji wenyewe.

Ukitoka makumbusho, teremka ngazi hadi barabara ya kando ya mto Tejo, upande tramu namba 15 mpaka Belém. Sasa Monasteri ya Jerónimos, nyumba ya kale ya watawa, utaiona kwa jicho jingine. Monstransi hiyo Manuel aliiachia monasteri hii kwa wosia, na ujenzi wake, ulioanza mwanzoni mwa karne ya 16, uligharimiwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa za Afrika na Mashariki. Jiwe lake linaitwa lioz, chokaa ngumu ambayo ukiitazama kwa karibu utaona mabaki ya viumbe wa bahari ya kale. Mimi niliyezoea kuta za matumbawe hupenda kusimama hapo nikikumbuka kwamba na Msikiti Mkuu wa Kilwa umejengwa kwa mawe yaliyotoka baharini. Lioz hukubali patasi ya fundi, ndiyo maana utaona kamba za meli zimechongwa zikasokotwa hadi unatamani kuzivuta. Nenda uani, kwenye baraza za ghorofa mbili, ukae muda mrefu. Kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya kanisa, karibu na mlango. Mnara wa Belém uko mwendo mfupi kwa miguu; ni mzuri, lakini ukikosa muda, uuone kwa nje tu.

Vaa viatu vya soli ya mpira. Vijiwe vyeupe vya njia za miguu vimelainishwa na nyayo za watu, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.

Malizia Praça do Comércio, uwanja mpana ulioachwa wazi upande wa mto. Ikulu ya mfalme ilikuwa hapa, pamoja na Casa da Índia, ofisi iliyoendesha biashara yote ya bahari yetu. João de Barros alikuwa mkubwa wa ofisi hiyo, na katika kitabu alichochapisha 1552 aliandika orodha ya wafalme wa Kilwa. Hadi leo tunaitumia, tukiilinganisha na nakala ya Kiarabu ya historia ya Kilwa na sarafu za shaba tunazozikuta ardhini. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi, mawimbi na moto viliangusha ikulu, na nyaraka za Casa da Índia zikapotea. Majengo ya rangi ya manjano unayoyaona ni ya baada ya hapo. Kwa hiyo simama katikati ya uwanja, uutazame mto: barua nyingi kutoka Sofala, Kilwa na Malindi zilipokewa hapa, na sisi wachimbaji wa magofu tunajaribu kuyajua yaliyokuwamo kwa vigae na shanga.